Sura ya Tano: Mbaazi Ukikosa Maua

Mfanyabiashara wa nafaka akikueleza mji wa Babati hataanza na ziwa na viboko wake, wala Mlima Kwaraa. Ataanza na barabara. Moja inakwenda kaskazini, inapita Magugu na Minjingu, inafika Arusha na kumalizikia mpakani Namanga. Nyingine inashuka kusini kupitia Bonga na Kondoa hadi Dodoma. Hiyo ni sehemu ya ile njia kuu ya kutoka Cape Town hadi Cairo, na lami yake ilikamilika na kuzinduliwa mwaka 2018. Ya tatu inaelekea Katesh na Singida. Serikali ilipoukata Mkoa wa Manyara kutoka Arusha mwaka 2002, Babati ikafanywa makao makuu yake, na yeyote aliyewahi kulala hapo akisubiri fuso lipakie anaelewa kwa nini.

Gunia linaloondoka Babati kwenda kaskazini linaingia katika soko la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Linalokwenda kusini, likivuka Tunduma, linaingia katika soko la SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Mkulima wa Galapo hahitaji kujua herufi hizo ili auze mahindi yake, lakini bei anayotajiwa na dalali imekwisha kupitia mikononi mwa mawaziri waliokaa Arusha, Gaborone na Dodoma.

Sura zilizotangulia zilizungumzia bei. Sura hii inazungumzia kura. Nchi ikijitoa katika jumuiya ya kibiashara, vyama vyake vya siasa hupatwa na nini? Je, chama tawala hupasuka? Upinzani hupata hoja mpya? Au mambo hubaki yalivyokuwa, ila tu watu wachache wanafilisika bila mtu kusikia?

Jibu langu linaanzia katika methali ambayo Babati, mji wa mbaazi, ina haki nayo kuliko miji mingi: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Jumuiya ya kibiashara ina kazi moja ambayo haikuandikwa katika mkataba wowote: huwapa wanasiasa wa nyumbani jua la kusingizia. Bei ikianguka, ushuru ukipanda, kiwanda kikifungwa, kuna pa kuelekeza kidole: Nairobi, Arusha, Lusaka, Brussels. Siku nchi inapojitoa, jua hilo linazimika. Lawama inarudi nyumbani. Kinachofuata kinategemea jambo moja: kama nyumbani kuna mtu wa kuulizwa, na kama kuna chama kingine cha kwenda pale jibu lisiporidhisha.

Ngano ya Hanang na mawaziri wa Arusha

Tuone kwanza jinsi jua linavyosingiziwa. Kusini-magharibi mwa Babati ndipo ilipo Wilaya ya Hanang, nchi ya ngano. Kule Basotu serikali, kupitia shirika lake la kilimo, NAFCO, na kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano ambayo kwa miaka mingi yalikuwa fahari ya kilimo cha Tanzania, na chanzo cha kilio cha Wabarbaig walionyang'anywa malisho.

Leo mkulima wa ngano wa Hanang analindwa, kwa maandishi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Umoja wa Forodha ulioanza kazi Januari 2005 uliweka ushuru wa pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya: malighafi asilimia 0, bidhaa za kati asilimia 10, bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Julai 2022 likaongezwa daraja la nne la asilimia 35. Ngano iko katika orodha ya bidhaa nyeti, na ushuru wake wa kitabuni ni asilimia 35. Kwa hesabu hiyo, ngano ya Urusi au Australia ingepaswa kufika Dar es Salaam ikiwa ghali kiasi cha kumpa mkulima wa Basotu nafasi ya kupumua.

Haiwi hivyo. Kila mwaka, kabla ya bajeti za Juni, mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukutana kupitia maombi ya kila nchi. Na karibu kila mwaka nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, huomba ruhusa ya kutoza ngano asilimia 10 badala ya 35, ili wenye vinu wapate ngano nafuu na mkate usipande bei. Ombi hukubaliwa. Tangazo hutoka katika gazeti la Jumuiya. Mkulima akiuliza, anaambiwa kwamba ndiyo taratibu za Afrika Mashariki.

Hapo pana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, uamuzi wa kumwacha mkulima wa Hanang bila ulinzi haukufanywa na Jumuiya. Jumuiya ilishamlinda. Ulifanywa Dodoma, na watu ambao chama chao humwomba kura. Pili, mvutano wenyewe si wa Mtanzania na Mkenya. Ni wa mkulima wa Manyara na mwenye kinu wa Dar es Salaam, na wote wawili wanaweza kuwa na kadi ya chama kimoja. Ukitaka kujua siasa za vyama zingebadilikaje nchi ikijitoa, anzia hapo, katika migongano ambayo jumuiya imeifunika kwa sababu maamuzi yanaonekana kutoka mbali.

1977: chama kipya, mpaka uliofungwa

Tanzania ina uzoefu wa kutoka. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilianzishwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala Juni 1967 na kuanza kazi Desemba mwaka huo. Haikufika miaka kumi. Viwanda vilijazana Kenya, na Tanzania na Uganda zikaona zinageuzwa soko. Azimio la Arusha lilikuwa limeipeleka Tanzania upande wa ujamaa na Kenya ikabaki upande wa ubepari. Baada ya Idi Amin kumpindua Milton Obote Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye kikao kimoja, na Mamlaka ya marais watatu, chombo cha juu kabisa, ikaacha kukutana.

Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki liliacha kuruka, Kenya ikaanzisha la kwake, na Tanzania ikafunga mpaka. Wiki hiyohiyo, tarehe 5 Februari 1977, TANU ya Bara na ASP ya Zanzibar ziliungana na kuzaliwa Chama Cha Mapinduzi, CCM. Jumuiya inavunjika, chama kinazaliwa, mpaka unafungwa: matukio hayo yalipishana kwa siku chache tu.

Sisemi moja lilizaa jingine. Muungano wa vyama ulikuwa na historia yake, na tarehe ilichaguliwa kwa kumbukumbu ya kuanzishwa kwa ASP mwaka 1957. Lakini CCM ilianza maisha yake mpaka wa kaskazini ukiwa umefungwa, ikiwa chama pekee, katika nchi ambayo Katiba ilikwisha kukipa chama ukuu juu ya vyombo vyote. Kwa hiyo gharama za kuachana na Kenya hazikuwa na pa kwenda kisiasa.

Gharama zilikuwepo. Watalii waliokuwa wakiteremka kutoka Nairobi kwenda Ziwa Manyara na Ngorongoro walikatika. Miaka michache baadaye, vita vya Kagera, bei ya mafuta na ukame vikaongezeka juu ya gharama hizo, na maduka yakabaki matupu. Mpaka wa kaskazini ukawa mlango wa siri wa sabuni, dawa ya meno na khanga. Asiyeridhika na uamuzi wa serikali hakuwa na chama kingine cha kwenda. Alikuwa na njia za panya. Upinzani dhidi ya kufungwa kwa mpaka haukuonekana kwenye kura wala bungeni. Ulionekana katika magendo.

Na chama kiliujibu kama kosa la jinai. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikamatwa, bidhaa zikafukuliwa mashimoni, nyingine zikatupwa usiku na wenye nazo. Wengi walimshangilia Sokoine na bado wanamkumbuka kwa heshima. Hata hivyo, kabla mwaka huo haujaisha, Novemba 1983, marais wa nchi tatu walikutana Arusha na mpaka ukafunguliwa, baada ya usuluhishi mrefu wa Mswisi Victor Umbricht. Mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya ulitiwa saini Mei 1984.

Miaka sita na ushee ya mpaka uliofungwa haikukiondoa chama chochote madarakani, kwa sababu hakikuwepo kingine. Somo la kwanza basi ni hili: pasipo ushindani wa vyama, kutoka katika jumuiya hubadilisha tabia za watu kabla ya kubadilisha siasa zao. Mwananchi hujifunza kuizunguka serikali, naye afisa wa serikali hujifunza kumwona mfanyabiashara kuwa mhalifu.

Kutoka kwa kelele, kutoka kimyakimya

Katika miaka iliyofuata, vyama vingi vilipokuwa vimeruhusiwa, Tanzania ilitoka mara mbili katika taasisi za kimataifa. Safari moja ilitikisa nchi. Nyingine karibu haikusikika.

Ya kwanza haikuwa jumuiya ya kibiashara, ila inafundisha. Desemba 1992 Zanzibar, chini ya Rais Salmin Amour, ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Hoja ya Zanzibar ilikuwa misaada na maendeleo. Bara wakauliza: sehemu moja ya nchi inawezaje kujiunga peke yake na taasisi ya mataifa? Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa.

Kujitoa huko hakukuzima moto. Wabunge 55 wa CCM, waliopewa jina la G55, walikwisha kuchukua hoja mbali zaidi: kama Zanzibar ina serikali inayoweza kujiunga na mataifa, Tanganyika nayo ipewe yake. Bunge likapitisha azimio. Nyerere, akiwa nje ya madaraka, akaingia ulingoni na mwaka 1994 akachapisha kijitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akiwashambulia kwa majina Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa CCM Horace Kolimba. Wote wawili walipoteza vyeo hivyo. Mwaka 1995, CCM ilipomtafuta mgombea urais, Malecela hakufika mwisho. Aliyepita ni Benjamin Mkapa.

Uanachama wa miezi minane katika taasisi moja ya nje ulichangia kuamua nani aongoze chama na nchi. Kwa nini suala hili lilikuwa na nguvu kiasi hicho? Kwa sababu liligusa swali ambalo kila mtu alilielewa bila kufafanuliwa: nani mwenye mamlaka, na nchi ni ipi.

Kutoka kwa pili kulikuwa katika COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika lenye makao yake Lusaka. Tanzania ilitoa notisi mwaka 1999, na uanachama ukakoma Septemba 2000. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kiserikali: uanachama wa jumuiya nyingi unagharimu, na ushuru wa forodha ungepotea. Wiki chache tu baadaye, mwishoni mwa Oktoba 2000, nchi tisa za COMESA zilianza eneo huru la biashara, Kenya na Zambia zikiwemo. Tanzania ilitoka kabla biashara yenyewe haijachangamka.

Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Frederick Sumaye, mbunge wa Hanang, jirani wa Babati. Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 29 Oktoba 2000, wiki chache baada ya uanachama kukoma. Mkapa, aliyepata karibu asilimia 62 ya kura mwaka 1995, safari hii alipata karibu asilimia 72. COMESA haikuwa hoja ya jukwaani. Mkulima wa Dareda hakuulizwa chochote, na hakuna chama kilichomweleza kwamba alikuwa na la kuulizwa.

Wapo waliolijua jambo hilo: wenye viwanda, wasafirishaji, wanasheria wa biashara. Mabishano yao yalibaki katika ofisi na semina. Na pale biashara ya nje ilipomwangusha mwanasiasa, haikuwa kwa sababu ya mkataba. Iddi Simba, Waziri wa Viwanda na Biashara, alijiuzulu mwaka 2001 baada ya sakata la vibali vya kuingiza sukari. Mwananchi hauoni mkataba, lakini kibali anakiona, maana kina jina la mtu na bei ya kilo.

Waingereza walivyofanya

Mfano mkubwa wa zama zetu ni Uingereza, nao unaonyesha hali ya kinyume: nchi yenye vyama vyenye nguvu, ikitoka kwa kura ya wananchi.

Mwaka 2015 chama kidogo cha UKIP kilipata karibu asilimia 13 ya kura na mbunge mmoja tu. Ukihesabu viti, kilishindwa. Lakini kura zake zilikuwa zimechotwa katika mabwawa ya vyama vikubwa, na woga wa kuzipoteza ndio uliokuwa umemfanya Waziri Mkuu David Cameron aahidi kura ya maoni. Tarehe 23 Juni 2016 asilimia 51.9 walichagua kutoka Umoja wa Ulaya. Cameron akajiuzulu. Theresa May akashindwa kupitisha mkataba bungeni. Mei 2019 chama kipya cha Nigel Farage kikaongoza uchaguzi wa Bunge la Ulaya, huku Conservative, chama tawala, kikishika nafasi ya tano. Septemba Boris Johnson, mrithi wa May, akawafukuza katika kundi la chama bungeni wabunge 21 waliompinga. Desemba uchaguzi ukafanyika, chama chake kikapata viti 365, vingine katika miji ya viwanda ambayo kwa vizazi ilikuwa ya Labour.

Uingereza ikatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020. Julai 2024, Conservative kikabaki na viti 121, matokeo mabaya kuliko yote katika historia yake. Haikuwa kwa sababu ya Ulaya pekee. Kulikuwa na janga la korona, kashfa na mfumuko wa bei. Lakini chama hicho hakikuwa tena na Brussels ya kuilaumu. Wahamiaji waliendelea kufika, hospitali ziliendelea kuwa na foleni, na mwenye jibu alikuwa mmoja tu.

Utaratibu unaoonekana hapo ni huu. Anayeitoa nchi hupata faida ya kisiasa mapema, kwa sababu uzalendo hauhitaji hesabu. Hasara huja baadaye, polepole, na humkuta akiwa peke yake. Lakini hasara hiyo humfikia tu kama uchaguzi upo. Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza kujitoa ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, Januari 2024, na mwaka mmoja baadaye zikawa nje. Mwaka huo wa 2025, watawala wa kijeshi wa Niger na wa Mali walivunja vyama vya siasa vyote. Hao walihakikisha kwamba lawama ikirudi nyumbani haimkuti mtu mwenye sanduku la kura.

Kama tungetoka

Tanzania haijatangaza kutoka Afrika Mashariki. Imewahi kutiliwa shaka. Mwaka 2013, Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanza kukutana peke yao kupanga reli, bomba na viza, Watanzania wengi waliona wanatengwa. Samuel Sitta, waziri aliyeshughulikia ushirikiano wa Afrika Mashariki, hakuficha kukerwa. Novemba mwaka huo Rais Jakaya Kikwete alilieleza Bunge kwamba Tanzania itabaki. Miaka mitatu baadaye, Kenya na Rwanda ziliposaini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, Tanzania ilikataa, na Novemba 2016 Bunge likaunga mkono kukataa huko. Wabunge wa CCM na wa upinzani, waliokuwa hawasalimiani, walizungumza lugha moja.

Hilo litukumbushe jambo. Katika siasa za Tanzania, kujilinda dhidi ya nje hakuna chama. Hofu kwamba ardhi itachukuliwa na majirani iko CCM, iko CHADEMA, iko ACT-Wazalendo. Chama kitakachodai kwamba kimepinga kutoka kwa sababu kinawapenda Wakenya kitakuwa kimepoteza kura kabla ya kampeni kuanza.

Kwa hiyo serikali ikitangaza kesho kwamba inajitoa, wiki za kwanza zingekuwa za makofi. Babati pia wangepiga makofi. Halafu ungefika msimu wa kuuza.

Wa kwanza kuguswa ni mfanyabiashara wa mahindi. Ana kumbukumbu ya Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mpakani siku chache tu, kwa sababu kulikuwa na meza ya kuzungumzia. Na Mei Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi kulainisha mengine. Nje ya Jumuiya, zuio kama hilo halina siku zake za kuisha. Kiwanda cha mbolea cha Minjingu, ndani ya Wilaya ya Babati, huuza Kenya pia, nacho kingeguswa.

Mkulima wa mbaazi anajua kuliko wote maana ya kutokuwa na meza. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, na huku bei ikaporomoka hadi shilingi mia chache kwa kilo. Wengine waliacha kuvuna. Babati haikuwa na mahali popote pa kukata rufaa dhidi ya New Delhi. Mbaazi huenda India na haitegemei Jumuiya, lakini mwaka ule ulionyesha maisha ya muuzaji asiye na mkataba yanavyokuwa.

Upande mwingine wangekuwepo walioridhika. Mkulima wa alizeti angetarajia ushuru mkubwa zaidi kwa mafuta ya mawese. Mkulima wa ngano wa Hanang angedai ile asilimia 35 yake, sasa bila Jumuiya ya kuombwa ruhusa. Hapo ndipo ukweli ungetoka: waziri angelazimika kuchagua kati yake na mwenye kinu, hadharani, bila jua la kusingizia.

Ugomvi huo ungeingia chama gani? Historia ya Babati yenyewe inatoa dalili. Mwaka 2015 jimbo la Babati Mjini lilikwenda CHADEMA, kwa Pauline Gekul. Mwaka 2018 akahamia CCM, katika wimbi lile la wapinzani kuhamia chama tawala lililoitwa kuunga mkono juhudi. Sumaye naye aliondoka CCM mwaka 2015 baada ya mchakato wa kumpata mgombea urais, akawa CHADEMA, na mwaka 2020 akarudi. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyehama kwa sababu ya bei ya ngano au ushuru wa mpakani. Katika mkoa huu watu huhama vyama kwa sababu ya uteuzi, na masuala ya biashara hayajawahi kupata chama chake.

Kwa sababu hiyo sitarajii kutoka kuzae chama kipya cha wakulima wa kaskazini. Natarajia mpasuko ndani ya CCM, ukionekana kwenye kura za maoni za kuteua wagombea. Wagombea wa majimbo yanayouza nje, kama ya Manyara na Arusha, wangesema kimoja. Wagombea wanaobebwa na wenye viwanda wangesema kingine. Na vikao vya juu vya chama, vyenye neno la mwisho, vingeamua kwa mlango uliofungwa. Upinzani ungeweza kuichukua hoja, kama ungekuwepo kwenye karatasi ya kura. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifanyika bila CHADEMA. Penye hali hiyo, asiyeridhika atafanya alichofanya babu yake mwaka 1978: atatafuta njia ya panya.

Ibara ya 145

Kuna tofauti moja kubwa kati ya kutoka COMESA na kutoka Afrika Mashariki. Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 unasema, katika ibara ya 145, kwamba nchi haiwezi kujitoa kwa barua ya waziri peke yake. Lazima Bunge lake lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha notisi ya miezi kumi na miwili itolewe kwa Katibu Mkuu. Ndani ya miezi hiyo nchi inaweza kubadili mawazo.

Waliouandika walikuwa wamejifunza kutoka 1977. Walitaka kutoka kuwe jambo la wawakilishi wa wananchi, na wakaacha mwaka mzima wa kufikiri. Lakini kinga hiyo ina nguvu pale tu ambapo theluthi mbili ni kitu cha kutafutwa. Chama kimoja kikiwa na zaidi ya theluthi mbili ya viti, azimio linaweza kumalizwa katika kikao cha wabunge wa chama hicho kabla Spika hajaketi. Hata kuwachagua wabunge wetu tisa wa Bunge la Afrika Mashariki kumewahi kugeuzwa mchezo wa vyama: Aprili 2017 wabunge waliwakataa wagombea wawili wa CHADEMA, Ezekia Wenje na Lawrence Masha, na chama hicho kikalazimika kuleta majina mengine.

Basi jibu la swali la sura hii ni fupi. Kutoka katika jumuiya ya kibiashara hakubadilishi siasa za vyama kwa nguvu zake. Huondoa kisingizio. Palipo na ushindani, kama Uingereza, kisingizio kikiondoka chama huadhibiwa. Pasipo na ushindani, hasara hubaki kwa mwenye gunia.

Wewe unayeuza Babati usisubiri siku ya kutoka ndipo uulize. Kisingizio kinaweza kuondolewa leo, na Tanzania ikiwa ndani. Kila Juni, bajeti inaposomwa, mwulize mbunge wako maswali mawili: mwaka huu serikali yetu iliomba ushuru gani ubadilishwe, na kwa ajili ya nani? Majibu yapo kwenye gazeti la Jumuiya, yamechapishwa, si siri. Mbunge asiyeyajua hastahili kurudi, awe na kadi ya rangi yoyote.